Wageni Waliokuwa Wakiishia Kwenye Tarehe

Dada yangu mkubwa ana atelie, karakana ndogo ya kuchapa fulana za kilio, hapa Kolwezi. Kwetu mtu akifa, watu hawamsindikizi makaburini na nguo walizoamka nazo. Wanawake wa familia wanachagua kitambaa kimoja, na wengine wote, vijana, wanakwaya, majirani, wenzake wa kazi, wanavaa triko, yaani fulana nyeupe yenye picha yake kifuani, jina lake chini, na maneno mawili matatu ya kumuaga. Fulana zinatakiwa ziwe tayari kabla mwili haujatoka mochwari. Zisipokuwepo, watu watasema. Watasema familia haikumpenda, au ilimpenda ila haina kitu, na sijui ni lipi kati ya hayo linauma zaidi.

Kazi yangu mimi ilikuwa tovuti. Dada alikata, alichapa, aligombana na umeme unaokatika fulana ikiwa bado chini ya mashine. Mimi nilikaa kwenye kona na kompyuta ya kuazima, pamoja na simu yangu yenye laini mbili, moja yangu na moja ya atelie. Niliwahi kusoma biashara kidogo Lubumbashi, basi nyumbani ikaamuliwa kwamba ninajua kila kitu chenye kioo na waya. Hakuna aliyeniuliza kama ni kweli.

Mwaka huo baba, tata kama tunavyomwita, alikuwa mgonjwa. Tulimpeleka hospitali, akalala huko muda, halafu daktari mmoja akatuita kwenye korido, mama, dada na mimi, akasema tumrudishe nyumbani na tumpe chochote anachotaka kula. Alisema kwa upole, akiangalia viatu vyake. Tulielewa. Katika teksi ya kurudi, baba akiwa kiti cha mbele akimwelekeza dereva njia ambayo dereva aliijua vizuri kuliko yeye, mama, aliyekaa katikati yetu, alitushika mapaja mimi na dada akatufinya kwa nguvu. Hicho ndicho kilichokuwa kikao cha familia. Tulikubaliana palepale, bila neno, kwamba baba asijue.

Na kweli hakujua. Aliamini ameruhusiwa kwa sababu amepona. Alianza kupanga safari ya Kananga baada ya kiangazi, kumwona dada yake ambaye hawajaonana tangu wakiwa vijana. Babu yetu ndiye aliyeletwa huku kutoka Kasai, upande wa Kananga, kufanya kazi ya mgodi. Yeye alizaliwa hapa, akawa fundi umeme wa kampuni hapa, akazeeka hapa, na bado kuna watu wanaomuuliza atarudi kwao lini. Safari ile ilikuwa imemkaa moyoni. Aliulizia barabara, aliulizia treni, aliuliza kama shati la mikono mirefu litamtosha. Sisi tulijibu kila swali. Mama alifika mahali pa kuanza kumkunjia nguo.

Mimi nilikuwa na ganzi. Sina neno jingine. Kama mkono ulioulalia vibaya: unauona ni wako, unaunyanyua, lakini ukiuchoma na sindano hakuna kinachotokea. Nilikula, nilioga, nilimpa baba dawa, nilienda kazini. Watu walisema nina moyo mgumu, wengine walisema nina imani. Sikuwa na kimojawapo.

Tovuti tuliitengeneza kwa sababu mbili. Ya kwanza, vijana fulani walifungua meza ya kuchapa fulana mbele kabisa ya mochwari, wakawa wanachukua kila mtu anayetoka akifuta macho. Sisi tuko mbali, nyuma ya soko, kwenye vumbi la malori. Kama wateja wasingetufikia kwa simu, wasingetufikia kabisa. Ya pili ni wachimbaji wadogo. Wale vijana wanatoka pande zote za Kongo kuja kuchimba shaba na kobalti kwa mikono, na shimo likimfunika mwenzao, wao ndio familia yake ya kwanza. Wana simu nzuri na hawana muda. Wangeweza kutuma picha wakiwa palepale kwenye ukingo wa shimo, walipe kwa simu, waje kuchukua.

Aliyetutengenezea ni fundi wa Lubumbashi ambaye sijawahi kumwona uso. Nilimjua kwa sauti tu, sauti ya mtu aliyeshiba, na kuku nyuma yake. Kila wiki alinitumia picha ya mchoro wenye mistari, halafu ujumbe wa sauti.

"Mama, batu beko naingia bengi kabisa. Bengi! Lakini habalipi. Banafika, banaangalia, banaenda. Weye unabafanya nini?"

Mimi nilikuwa siwafanyi kitu. Nilitazama miji walikotoka: Kananga, Mbuji-Mayi, Sandoa, Kisenge, na kwingine kwingi. Kulikuwa na ukurasa wenye picha za fulana tulizochapa zamani, na huko ndiko wengi walikokaa muda mrefu. Nilidhani wanalinganisha rangi. Baadaye niliona mtu mmoja wa Kananga anarudi kila Jumapili kwenye fulana ileile, ya kijana mmoja aliyefunikwa na shimo, na nikaelewa kwamba huyo hatanunua kitu kamwe. Huyo alikuwa anatembelea kaburi ambalo nauli haimfikishi. Fundi alinishauri nitoe ukurasa ule kwa sababu unapoteza wageni. Nilimwambia sawa, na sikuutoa.

Tatizo lilikuwa wale wengine, wale wanaoanza kweli komande, yaani oda. Wanaweka picha, wanaandika jina, wanaandika namba ya simu, wanachagua ukubwa wa fulana, halafu kabla ya kulipa wanatoweka. Fundi aliita hali hiyo kuacha kikapu. Alisema duniani kote watu wanaacha vikapu, na dawa yake ni moja, kuwakumbusha. Alitega mashine ya tovuti iwatumie ujumbe kutoka laini ya atelie kesho yake, na tena kila baada ya siku chache mpaka walipe: "Komande yako haijaisha. Usichelewe, maliza leo." Alinisomea, nikasema sawa. Siku hizo nilikuwa ninasema sawa kwa kila kitu.

Ujumbe ulianza kwenda, na simu ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya mama mmoja.

"Weye ni nani?"

"Ni atelie ya triko za kilio, mama."

"Juu ya nini munaniandikia nisichelewe? Nichelewe wapi?"

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Nani amekufa? Mutu wangu eko mu kitanda, anakula bukari, weye uko unamungojea! Mulozi weye!"

Akakata. Nilibaki na simu sikioni. Kuitwa mlozi si jambo dogo kwetu. Kuna watu waliohamishwa mtaa kwa neno hilo. Dada aliposikia alisimamisha mashine, akashika kichwa, akasema tutavunjiwa mlango kwa mawe. Mimi nilikwenda kubadilisha maneno. Niliandika: "Picha yako iko salama kwetu. Ukiwa tayari, tuko hapa." Fundi alilalamika kwamba sasa tunaongea kama kanisa, lakini akauweka.

Ajabu ni kwamba ulifanya kazi. Walianza kurudi, mmoja leo, mmoja kesho, wakamaliza komande zao na kulipa, na baadhi waliandika asante. Dada alinunua mafuta ya jenereta na wino bila kukopa kwa mtu. Nilitakiwa kufurahi, na nikamwambia dada nimefurahi.

Hata hivyo wengi zaidi waliendelea kutoweka. Ndipo fundi aliponipa kazi ambayo ningeikataa kama ningekuwa na akili zangu.

"Ingia weye mwenyewe," alisema. "Lakini usiingie sawa patron, mwenye mali. Ingia sawa muteja. Fanya yote, uone ni wapi mutu anachoka."

Ilikuwa mchana, umeme umekatika, dada ametoka kutafuta kitambaa. Nilifungua tovuti kwenye simu yangu kama mtu wa nje. Iliniomba picha. Nilifungua picha zangu, na kidole kikamchukua baba, akiwa na ovaroli ya kampuni, kofia ngumu mkononi, siku aliyostaafu. Nimejiuliza sana kama niliichagua. Kulikuwa na picha za maua humo, za paka, za viatu nilivyotaka kununua. Jaribio tu lingeweza kufanywa na paka. Lakini pia nilijua, kwa sababu ndiyo kazi yetu, kinachowapata wanaochelewa: wanaleta picha iliyokatwa kwenye kadi ya uchaguzi, na marehemu anakwenda kaburini akiwa na sura ya mtu aliyekamatwa na polisi. Labda nilitaka kupima tovuti. Labda nilitaka kuwahi. Sikuhisi upande wowote.

Nikaandika jina lake. Kwenye namba ya simu niliweka yangu, tovuti ikaikataa, kwa sababu inanijua kama msimamizi. Nikaweka ya atelie, ikaikataa pia. Namba nyingine ninayoijua kwa kichwa ni moja tu, ya baba. Nikaiweka. Nikachagua ukubwa, nikaandika "Lala salama", nikaenda mbele.

Mbele kulikuwa na kisanduku kimoja: Tarehe ya mazishi.

Nilikitazama. Nilijaribu kukiruka, yakatokea maandishi mekundu: "Tafadhali jaza tarehe." Nikajaribu tena, yakatokea tena. Ni mimi niliyemwambia fundi akiweke, miezi mingi nyuma, ili dada ajue aanze na kazi ipi. Nilikaa pale na simu mpaka kioo kikazima chenyewe.

Hapo ndipo wageni wetu wote walipokuwa wakitoka. Sikuhitaji mchoro wa mtu. Watu wanakuja kwetu mapema. Wanaingia mgonjwa akiwa bado anapumua chumba cha pili, wanaingia kwa siri, wakijiona wabaya, halafu tunawauliza siku. Wengine mtu wao ameshakufa, lakini wajomba hawajafika kutoka Sandoa, na kabla wajomba hawajafika hakuna anayethubutu kutaja siku ya mazishi kwa mdomo, sembuse kuiandika. Mtu anaweza kuvumilia kuchagua picha na anaweza kuvumilia kulipa, lakini pale anaweka simu chini. Na mimi niliiweka chini.

Umeme uliporudi nilimpigia fundi, nikamwambia chini ya tarehe aongeze chaguo jingine, liandikwe "Bado" tu. Alicheka, lakini aliliweka siku ileile. Nilijisikia nimefanya kazi nzuri. Sikufuta komande ya baba, na sikukumbuka kabisa kwamba kesho yake mashine inawaandikia wote walioacha kikapu.

Kesho yake asubuhi baba alikuwa uani, kwenye kiti cha plastiki, ameegemea ukuta wenye jua, kwa sababu kiangazi asubuhi kunakuwa na baridi. Mama alikuwa akichambua maharage. Dada alipita na uji kabla ya kwenda atelie. Mimi nilikuwa ninafunga viatu. Simu ya baba ikalia, ile simu yake ndogo ya vibonye, akatafuta miwani, akasoma kwa sauti kama alivyosoma ujumbe wote, hata wa kampuni ya simu ukimpa dakika za bure.

"Picha yako... iko salama... kwetu. Ukiwa tayari... tuko hapa. Atelie ya triko za kilio."

Alicheka kidogo. "Bamekosa namba," alisema.

Alinipa uongo mkononi, tayari umeiva. Ningesema tu ndiyo, tata, wamekosea, mambo yangeisha. Dada alinitolea macho. Mama alikuwa ameshika harage moja bila kulitupa upande wowote. Baba akasoma tena kimoyomoyo, akanitazama, maana alijua ninafanya kazi gani.

"Ni kwenu, si ndiyo?"

"Ni kwetu, tata," nilisema. Nilijibu kama ninavyomjibu mteja. Mpaka leo sijui ni kwa nini sikudanganya. Nafikiri kudanganya kunahitaji mtu awe ameamka.

"Picha yangu iko mu triko za kilio?"

Aliiweka simu pajani.

"Daktari alisema nini?"

Mama aliinuka akasema anakwenda kuangalia chungu. Hakukuwa na chungu motoni. Baba akauliza tena, polepole, akimtazama dada sasa, na dada akaanza kulia na bakuli la uji mkononi. Basi, baba akawa amejibiwa. Alivua miwani, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akabaki akitazama ukuta wa jirani.

Safari ya Kananga haikutajwa tena. Nguo alizokunja mama zilikaa kwenye sanduku, halafu siku moja nikaona zimerudi kwenye kamba ya ukutani. Alikula kidogo kuliko kabla. Kwangu mimi alinyamaza. Nikimletea chai aliipokea bila kunitazama, nikimpa dawa alimeza na kugeuza uso. Akina baba wa kwetu wanawaita binti zao mama, kwa upendo, tangu wakiwa wachanga, na mimi aliniita hivyo maisha yangu yote; hata akinigombeza alisema mama. Sasa akinihitaji alisema weye, au alimtuma mtu mwingine.

"Haukuona mutu mwengine wa kuweka?" dada aliniuliza. "Hata mutu wa jarida?"

Nikasema niliona paka. Aliondoka akisonya, na alikuwa na haki.

Wakati huohuo komande zilimiminika. Lile chaguo la Bado lilifanya kazi kuliko ujanja wote wa fundi. Watu walifika kwenye kile kisanduku, wakagusa Bado, wakapumua, wakaendelea. Wengine walilipa kabisa kabla ya siku, wakasema wakijaliwa wataweka tarehe baadaye. Fundi alinitumia mchoro wenye mstari unaopanda, na kuku nyuma yake wakasikika na wao wamefurahi. Alitaka kujua nimefikiriaje. Nilimwambia niliingia kama mteja.

Nilikuwa ninataka kitu kimoja tu siku hizo, na nilikijua: baba aniite jina langu la zamani kabla hajaenda. Si kwamba niliumia sana. Nilijua tu kwamba asipofanya hivyo, ganzi hii haitaniachia, nitazeeka nayo. Lakini msamaha hauombwi kwa mtu anayegeuza uso kila ukisogea. Nikaendelea kuleta chai.

Siku moja nikiwa ninachukua kikombe, alisema, "Weye. Leta ile kintu nione."

Nilielewa. Nilifungua komande yake kwenye simu yangu, nikamshikia. Tovuti yetu inaonyesha fulana jinsi itakavyokuwa ikivaliwa, yenye mikunjo na kila kitu. Baba alijitazama kifuani mwa mtu asiye na kichwa. Alitazama muda mrefu sana.

"Juu ya nini uliniweka na nguo ya kampuni?"

"Ni picha njo ilikuwa karibu, tata."

"Kampuni haikunipa hata asante. Toa."

Akamwita mama alete koti lake la kahawia. Mama alilileta, akamchana nywele chache zilizobaki, akamfunga kifungo cha shati cha juu, akakifungua, akakifunga tena. Nilimpiga picha palepale kwenye kiti chake. Alikuwa amekonda, koti lilimzidi mabegani. Aliitazama picha akasema inafaa, ila nikate kiti cha plastiki, hataki watu wadhani alikufa kwenye baa.

Akafika kwenye maneno. "Lala salama," alisoma. "Nani analala? Toa. Andika jina, chini andika electricien."

"Tata, ulisema hautaki mambo ya kampuni."

"Nguo ni ya kampuni. Kazi ni yangu."

Nikaandika. Alitaja watu wake mmoja mmoja na ukubwa wao wa fulana: wanakwaya, mafundi wenzake waliobaki, jirani anayemchukia ambaye lazima naye avae. Kwa dada yake wa Kananga alisema niweke kubwa, alikuwa mnene tangu utoto, hawezi kuwa amepungua. Halafu tukafika kwenye kisanduku. Nilitaka kukipitisha haraka kwa kidole, lakini aliniona.

"Hapo banauliza nini?"

"Siku, tata."

"Na hapo chini banasema nini?"

"Bado."

"Weye njo uliweka ile?"

"Ni mi."

"Finya hapo."

Nikagusa Bado. Akatikisa kichwa, akasema ni vizuri, inamwacha mtu apumue, halafu akaomba maji. Nilimletea. Alikunywa na kunitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile, lakini bado nilikuwa weye.

Nilimwambia nitazima ujumbe usimsumbue. Alikataa kabisa. "Acha bikuye," alisema; alitaka uendelee kuja. Basi kila baada ya siku chache simu yake ndogo ililia, picha yako iko salama kwetu, ukiwa tayari tuko hapa, naye akainua kichwa pale kwenye kiti na kuniitia kupitia uani, kwa sauti ya fundi anayemwita mwenzake juu ya nguzo: "Bado!" Siku ya kwanza mama alishtuka. Siku ya pili alicheka mpaka akashika ukuta. Majirani walidhani tunauza kitu. Sauti ikawa inapungua wiki hadi wiki, na mwishoni alinyoosha kidole tu na kukitikisa.

Alifariki mvua za kwanza zilipoanza kunyesha. Mama alikuwa naye. Mimi nilikuwa ninatandika kitanda cha pili, nikasikia mama akinyamaza katikati ya wimbo, nikajua. Nilimaliza kutandika. Nilihisi kile nilichokuwa nikihisi kabla, yaani hakuna, na nikajiambia basi ndivyo nilivyo.

Mjomba alifika, siku ikatajwa. Mimi na dada tulikwenda atelie kwa sababu fulana zilikuwa zinangojewa, na hakuna mtu mwingine ambaye tungemwachia. Nilifungua komande ya baba. Nikatoa Bado, nikaweka tarehe. Mashine haipeleki kazi kwenye kuchapa mpaka komande iwe imelipwa, basi nikabonyeza "Imelipwa". Dada alichapa mwenyewe, moja baada ya nyingine, midomo imekaza. Mimi nilizikunja. Baba alitoka vizuri, bila kiti.

Tulizibeba kwa mifuko hadi nyumbani. Turubai lilikuwa limefungwa uani, mvua imekusanya maji juu yake, wanaume wanayasukuma kwa fimbo. Dada alianza kugawa. Nilikwenda kwa mama, aliyeketi kwenye mkeka ndani pamoja na wanawake, miguu imenyooshwa, kichwa kimefungwa kitambaa. Simu ya baba ilikuwa kwenye fundo la nguo yake. Nilipoinama kumpa fulana yake, ikalia.

Aliifungua kutoka kwenye fundo akanipa, kwa sababu yeye maandishi madogo hayaoni. "Soma. Ni nani?"

Nikasoma. "Asante kwa kutuamini. Komande yako imepokelewa na imelipwa. Karibu tena."

Fundi ndiye aliyeyaweka maneno hayo siku tunaanza, yamwendee kila anayelipa, nami nilisema sawa; mtandao wa siku za mvua ulikuwa umeyachelewesha. Mama alifikiri.

"Ni bale ba picha," alisema. "Tata yenu alikuwa anabajibu kila siku. Bajibu."

"Mama, ni..."

"Ni mwanamuke njo anaandikaka kule, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi andika. Asante, mama. Kazi ni muzuri. Mungu akubariki."

Hakuwa amechanganyikiwa. Alitaka tu mtu aliyeandika asiachwe bila jibu. Nikaandika kwa vile vibonye vigumu, herufi moja moja, kama alivyosema. Nikatuma.

Simu yangu, yenye ile laini ya atelie, ikatetemeka mfukoni. Niliitoa kwa mazoea, kama ninavyoitoa mteja akiandika. Juu kabisa ilisomeka: Tata. Chini yake: Asante, mama. Kazi ni muzuri. Mungu akubariki.

Nilijua ni nani aliyeandika. Ni mimi niliyeandika, vidole vyangu vilikuwa bado kwenye simu ile nyingine. Lakini lilikuwa jina lake, na chini yake lilikuwa jina langu, lile alilokuwa ameacha kuniita, na nikasikia maumivu, maumivu ya kweli, yakiingia kifuani na kwenye mikono mpaka kwenye vidole. Niliketi kwenye mkeka kati ya wanawake nikalia kwa sauti, mpaka dada akaacha kugawa fulana akaja kunishika.